Miti Kumi na Moja ya Shamba Namba Saba

Eliseo Barragán alirudi kwenye foleni mara ya tatu, na wala hakuona haya. Ilikuwa Novemba. Masingasinga wa Yuba City, California, walikuwa na maandamano yao ya kila mwaka, barabara imefurika watu, na chakula ni bure kwa kila mwenye mdomo. Lakini kijana hakufuata bajia. Alimfuata msichana aliyezigawa, Simrit Bains, mwenye shalwari ya manjano na mtandio uliokataa kutulia kichwani.

"Karibu, kaka. Karibu, dada," Simrit alimwambia kila aliyepita. Ilipofika zamu ya Eliseo hakumwita kaka, alimjazia sahani tu.

"Wenzangu wote kaka. Mimi je?"

"Wewe tunasoma darasa moja, na umeshakula bajia kumi na mbili."

"Ndiyo sababu huniiti kaka?"

"Sababu nyingine itafute mwenyewe," alisema, akacheka, akamgeukia mwingine.

Basi wakapendana. Mchana walisoma biashara ya kilimo katika chuo cha mjini. Jioni simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakungoja unilishe."

"Nikulishe bajia?"

Upuuzi mtupu, na utamu wake hausemeki.

Aprili mwalimu akawagawia karatasi za mashamba halisi ya wilaya, majina ya wenyewe yamefutwa. Kila mwanafunzi aeleze shamba lake lifanyweje lipone. Eliseo akapata Namba Saba, shamba la mipichi iliyozeeka. Akasimama mbele na shati jipya, akitaka Simrit aone jinsi anavyojua.

"Ng'oeni yote, pandeni milozi. Na hii miti kumi na moja ya pembeni, miaka sita haizai, lakini inamwagiliwa na kupogolewa! Huyu mzee anaifuga kama paka. Ianze hiyo!"

Darasa likaangua kicheko. Akapata alama za juu kuliko wote. Simrit alikuwa ameshatoka.

Siku nne hakupokea simu. Eliseo akadhani ni wivu wa alama; akamtumia ujumbe wa utani, kisha wa hasira. Siku ya tano akapokea.

"Una nini, Simi? Kama ni alama, chukua wewe."

"Shamba Namba Saba ni la baba."

Eliseo akaanza kutafuta viatu vyake, simu ingali sikioni.

"Ile miti aliipanda mama alipokuja bibi harusi. Mama hana kaburi, Eli. Tulimchoma, majivu tukayatia mtoni. Baba huenda pale kukaa naye. Alitoa karatasi zake akitumaini vijana mtaona njia. Ameisoma kazi yako. Leo asubuhi trekta limeanza na ile kumi na moja, kama ulivyoandika."

Eliseo alipofika shambani alikuta mizizi iko juu na majani bado mabichi. Mzee Bains, kilemba cha bluu, viatu vimejaa udongo, akamshika mkono.

"Ulisema kweli, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa sitaki kuisikia."

Heri angemtukana. Simrit alikuwa amesimama barazani.

"Nisamehe," Eliseo alimwambia. "Sikujua."

"Najua hukujua. Nimekusamehe." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Lakini ukiongea tu, nasikia darasa likicheka. Nifanyeje?"

Wakaachana hapo, bado wanapendana, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Novemba ikarudi na maandamano yake. Eliseo akapanga foleni. Simrit alivaa nyeupe, mtandio safari hii ameubana vizuri kwa pini. Alimtazama, akamwekea bajia mbili.

"Karibu, kaka," alisema.