Kodi ya Mkononi

Siku Fusae alipomwona Kiyotaka kwa mara ya kwanza, waligombea katlesi. Ilikuwa jioni katika mtaa wa maduka wa Kyobashi, Osaka, watu wamebanana kama njiti za kibiriti, mafuta yanachachatika, na muuzaji ametangaza kuwa imebaki moja tu. Fusae alikuwa na gauni la kijani alilojishonea mwenyewe. Kijana aliyesimama nyuma yake alikuwa amejifunga taulo kichwani na alinukia majani makavu.

"Chukua wewe, dada," alisema. "Ila ujue leo nalala njaa kwa ajili yako."

"Kanunue tofu ya soya."

"Tofu haina macho kama hayo."

Mwisho wa mwezi, Fusae alipofungua mlango wa kwao kupokea kodi, alimkuta yuleyule. Kumbe ndiye mpangaji mpya wa nyumba ya tatu, fundi wa mikeka minene ya sakafuni. Alikishika kitabu cha kodi kwa mikono miwili, na masikio yamemwiva. Fusae akagonga muhuri mwekundu, akamkaribisha chai.

Kwa miaka miwili ikawa hivyo. Siku ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja: "Hodi!" Kikombe kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Mama yake Fusae, Bibi Hatanaka, mjane mwenye ulimi wa wembe, alikuwa akikohoa chumba cha pili.

"Huyo amekuja kulipa kodi au amepanga na sebule?"

Kisha mafuta ya petroli yakapanda bei, na kila kitu kikafuata. Mama akapandisha kodi kwa nusu nzima. Kiyotaka akagoma, maana paa lilikuwa likivuja juu ya mikeka ya wateja. Akaleta kodi ileile ya zamani. Mama akairudisha bila kuigusa.

"Usibishe hodi hapa mpaka itimie!"

Sheria ya kwao ilisema mwenye nyumba akikataa kodi, mpangaji aiweke katika ofisi ya serikali, asije akafukuzwa kwa kutolipa. Mwezi uliofuata, saa kumi na moja ilipita kimya. Ikaja bahasha ya ofisi ile, kuarifu kwamba kodi imewekwa huko. Fusae aliisoma kama barua ya kuachwa.

Siku mbili baadaye Kiyotaka alipiga simu kutoka dukani.

"Bahasha yako imefika," Fusae alisema.

"Ile ni ya mama yako."

"Na mimi umeniletea nini?"

"Nikuletee nini, na nimefukuzwa mlangoni? Ulisimama palepale, Fusae, hukusema hata neno moja."

"Yule ni mama yangu."

"Na ile ni nyumba yangu."

Sarafu ikaisha, simu ikakatika.

Bahasha zilipofika tatu, mama alipeleka shauri kwa wapatanishi wa mahakama ndogo. Fusae alijua wasipoelewana pale, kesi itafuata, Kiyotaka atahama, na hodi ile hataisikia tena.

Desturi ya wapatanishi ni kutowakalisha wagomvi pamoja. Kila upande una chumba chake cha kungojea, nao huingia kwa zamu. Kwa hiyo walipishana ukumbini, Fusae akitoka na mama yake, Kiyotaka akiingia katika suti ya kuazima iliyommeza viganja.

"Umekonda," Fusae alinong'ona.

"Sijanywa chai tangu masika."

"Tembea!" mama akamvuta mkono.

Walipishana mara nne. Mara ya tano wakaitwa wote. Bwana Morioka, mpatanishi, mwalimu mstaafu aliyezoea kuamua ugomvi wa watoto, akasoma makubaliano: kodi itapanda robo, na mwenye nyumba ataziba paa kabla ya mvua.

"Limebaki moja. Kodi ilipwe benki?"

"Benki," mama alisema. "Nimechoka kufungua milango."

"Hapana," Kiyotaka alisema. "Nipandishieni kidogo tena mkitaka, lakini kodi niipeleke kwa mkono."

"Benki ipo jirani yako, kijana. Unataka nini kwangu?"

"Chai, mama."

Fusae safari hii hakunyamaza. "Mlango nitafungua mimi," alisema.

Mama alimtazama binti yake, akamtazama kijana, akashusha pumzi. "Haya, mwalimu, andika. Kwa mkono, mlangoni. Mpokeaji ni huyu, maana naona mimi sina kazi tena."

Mwisho wa mwezi, saa kumi na moja, hodi ikarudi.

"Mkataba ni wa miaka miwili tu," Kiyotaka alisema, kikombe mkononi. "Ukiisha?"

"Ukiisha utaingia bila hodi."

Wakaoana. Lakini hodi hakuiacha. Hata mama alipokwisha kufariki na nyumba zote kuwa zao, kila mwisho wa mwezi Kiyotaka alitoka nje, akazunguka, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Majirani walimcheka miaka arobaini.

Kiyotaka alifariki majira ya kuchipua. Mwisho wa mwezi ule, Fusae alichemsha maji, akaweka vikombe viwili, akaufungua mlango. Chai ilipoa. Ndipo akakifunua kitabu cha kodi, akatafuta ukurasa mtupu, akagonga muhuri mwekundu.

Imepokelewa.