Mdomo Jazz Walipoimba Bila Mimi

Nina miaka arobaini na tisa, na kabla ya mwaka jana ningekuambia bila kupepesa macho kwamba hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, lakini wenye vyeti vyao ndio wanaonifuata kuomba ushauri. Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye usipa, vidagaa vya ziwani, kutoka Lundo mpaka huku milimani. Leo nina mashine mbili za kusaga na nyumba ya bati la rangi hapa Maguu. Sisemi haya kwa kujisifu... basi, hata kama ni kujisifu, ni kweli.

Lakini nililia, ndugu wasomaji. Nililia mbele za watu, kwa sababu ya kundi la muziki.

Enzi za baiskeli sikuwa na redio. Nilikuwa na mdomo. Muziki wa dansi niliousikia vilabuni niliupiga njia nzima kwa mdomo: besi, gitaa, na hasa tarumbeta. Ungenisikia bila kuniona, ungeuliza bendi iko wapi. Nikifika Namswea nililala kwa Mama Yustina, mjane aliyenipa ugali na mkeka bila kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Alitaka kitu kimoja tu. "Haya, mwanangu, puliza hiyo tarumbeta nicheke." Nilimtungia wimbo wake mwenyewe, Sukuma Baiskeli.

Nilipopata uwezo nikaanzisha Mdomo Jazz. Waimbaji sita, mimi wa saba, na hakuna chombo hata kimoja. Niliwatoa kwenye kwaya ya kanisani. Betramu, kitinda mimba wa Mama Yustina, alikuwa besi. Aking'uruma, kikombe kinatetemeka mezani. Kostansia alishika sauti ya juu. Tarumbeta, bila shaka, mimi.

Nilikuwa na namna yangu ya kufundisha. Nilimfuata kila mmoja shambani kwake, nikamwimbia kipande chake huku anachuma kahawa, mpaka kikae kichwani. Vipande vilikutana Jumamosi tu, mbele yangu. Sauti ya kuanzia niliitoa kwa kupuliza chupa ya soda yenye maji hadi kwenye alama niliyoichora kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Tukimaliza, chupa narudi nayo nyumbani. Kwa nini? Asitokee mjanja akaondoka na wimbo mzima! Nilikuwa nawaambia, "Ninyi vitambaa, fundi cherehani ni mimi." Wakacheka. Nikadhani wanakubali.

Tukavuma. Harusi ya mwenye pesa Mbinga bila sisi ilikuwa haijanoga. Jubilei za mapadre, sisi. Video zetu zikatembea kwenye simu mpaka Songea. Ndipo Mzee Salumu, mfanyabiashara wa Mbamba Bay, akanipigia. Alikuwa anafungua nyumba ya wageni pale ufukweni, akataka tuimbe siku ya ufunguzi, na tukipendeza tuimbe kila mwisho wa wiki. Ndoto yangu yote ilikuwa hiyo... kundi langu liwe na kwao.

Asubuhi niliyopanga kuteremka ziwani kukamilisha maneno, Betramu akapiga simu. Mama Yustina amefariki, anazikwa kesho.

Nilikaa kitandani nikiwaza. Kisha nikatia pesa kwenye bahasha, nikamwita dereva wa bodaboda, nikamtuma Namswea. Mke wangu akaniuliza, "Baba Oska, msiba wa mama yako unautumia bodaboda?" Nikamwambia asinifundishe maisha.

Mzee Salumu alinipokea vizuri, akaagiza chai. Katika mazungumzo akauliza waimbaji wako wapi. Nikamweleza. Akaweka kikombe chini.

"Na wewe uko hapa?"

"Nimetuma rambirambi, mzee."

"Rambirambi haibebi jeneza, bwana."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa watu wa ziwani.

Niliporudi, wote sita walikuwa bado Namswea kwenye matanga. Siku ya mazoezi ikapita. Nikampigia Betramu. Akasema kwa upole, "Mwalimu, hatujaanua tanga. Njoo basi hata wewe." Nami nikasema maneno ambayo hadi leo nayasikia masikioni. Nilimwambia wafu hawalipi, na sauti ziko nyingi huku kwetu Umatengo, asiyekuja Jumamosi asirudi tena.

Jumamosi nilipuliza chupa yangu peke yangu.

Nikatafuta waimbaji wapya. Wapi! Hawakuweza hata nusu ya wimbo. Siku ya ufunguzi niliteremka Mbamba Bay kuomba tusogeze mbele. Kabla sijafika getini nikasikia besi. Nikasikia gitaa la mdomo. Sukuma Baiskeli! Walisimama nusu duara kama nilivyowapanga mimi, na hawakuwa na chupa. Betramu aling'uruma kidogo, wote wakaingia. Tarumbeta yangu aliipiga Kostansia. Niseme ukweli? Aliipiga kuliko mimi.

Baadaye nilijua yote. Pale matangani, jioni moja, Betramu aliomba wamwimbie mama wimbo wake. Kila mtu akatoa kipande chake, na wimbo ukatokea mzima, bila fundi cherehani. Mzee Salumu, aliyekwenda kuhani watu asiowajua, alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka.

Walipomaliza nikamvaa Betramu. "Nyimbo hizi za nani?"

"Shikamoo, kaka," akasema kwanza. "Nyimbo zako. Vipande vyetu. Ulitupa mwenyewe."

Kostansia akaongeza, "Jeneza lilielemea upande mmoja, Mwalimu. Tuliacha nafasi yako."

Ndipo Betramu akaniwekea bahasha mkononi. Ilikuwa imefungwa vilevile. Hapo ndipo nililia, wageni wakitazama.

Waliniibia, hilo nitalisema mpaka kufa. Mtu hajengi kitu miaka yote hiyo wakabeba watu wengine. Uchungu haujanitoka. Lakini wewe unayesoma, ukiitwa kwenye msiba, nenda. Nenda mikono mitupu, nenda na viatu vya kuazima, lakini ubebe jeneza kwa bega lako. Usitume pesa ikakae kwenye nafasi yako.

Wengi huniuliza Mdomo Jazz ilinigharimu kiasi gani kwa jumla, na sare na nauli za miaka yote. Hizo nilishazisamehe. Kilichoniondolea kundi langu bado kiko kabatini, ndani ya bahasha ambayo sijaifungua: shilingi elfu hamsini.