Picha Iliyopelekwa Handeni

Soko la Manundu pale Korogwe lilikuwa limefurika watu asubuhi ile Mdoe alipomkanyaga Edna mguu, gunia la machungwa begani.

"Samahani dada! Nimekuumiza?"

Edna, muuza vitenge, aliuvuta mtandio wake wa njano usoni. Alichelewa. Mdoe alikwisha kuona ngozi iliyojikunja na kung'aa kutoka jicho la kushoto hadi shingoni, alama ya jiko la mafuta ya taa lililomlipukia miaka sita nyuma. Edna akasubiri pua ikunjwe. Wateja wengine walipokea kitambaa kwake kwa ncha za vidole, kana kwamba kovu linaambukiza. Wala hakuwalaumu sana. Yeye mwenyewe alijipaka mafuta kila asubuhi amefumba macho, na vidole vikigusa ile mikunjo, aliviondoa upesi kwa kinyaa.

"Moto?" Mdoe aliuliza.

"Jiko."

"Pole sana. Ila mimi ninachodaiwa ni mguu niliokukanyaga."

Edna akacheka, akajishangaa.

Kumbe kijana alikuwa akileta machungwa kutoka Handeni kila wiki. Simu zikaanza.

"Mrembo wa Manundu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe mzee wa machungwa, umeoga?"

"Nakuogea wewe, mpenzi."

Miezi minane ikapita hivyo, mpaka Mdoe akasema mama yake anataka kumwona.

"Umewaambia kuhusu uso wangu?"

"Nimewaambia kila kitu."

Edna akashona gauni la kitenge cha bluu lenye mikono iliyotuna, akaenda Handeni na Mdoe, bila mtandio. Mlango ulifunguliwa na Pendo, dada yake Mdoe. Alimtazama Edna, kisha akachungulia nyuma yao.

"Karibuni. Wifi mwenyewe yuko wapi?"

Sebuleni mama alipomwona aliziba mdomo kwa kiganja. Pendo, kwa kuchanganyikiwa, akatoa simu. "Kaka alitutumia huyu."

Pichani alikuwa Edna, na hakuwa Edna. Mashavu yote mawili yalikuwa laini kama sahani iliyooshwa.

"Nilimwambia wa studio arekebishe kidogo tu," Mdoe alinong'ona.

Mate machungu yakamjaa Edna mdomoni. Alitoka mbio, akatapika kando ya ua.

"Miaka yote najionea kinyaa mimi," alimwambia Mdoe aliyemfuata. "Leo nimekuonea wewe."

Akarudi Korogwe. Kwa wiki tatu hakupokea simu. Siku alipopokea, Mdoe alikuwa akilia.

"Niliogopa watakukunjia pua, Edna."

"Kwa hiyo ukaanza kukunja wewe."

"Ndiyo. Nimemwambia mama hivyo hivyo. Anataka kuja."

"Kama ni pole, abaki nayo."

Jumamosi mama alikuja mwenyewe hadi kwenye vitenge, Mdoe akiwa nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa kwenye kigoda, akamtazama usoni bila haraka. "Sitakudanganya. Siku ile nilikuonea kinyaa. Nikalala nacho, nikaamka nacho, nikaona aibu, maana hukunikosea kitu. Nisamehe."

Kinyaa: hakuna aliyewahi kumwambia Edna neno hilo usoni. Wote walilisema kwa macho, kisha wakatabasamu. Ajabu ni kwamba lilipotamkwa, kifua kilimlegea, akalia mbele ya wateja.

"Nimekusamehe, mama." Akamgeukia Mdoe. "Mama yako kasema ukweli mara ya pili tu ya kuonana. Wewe miezi minane imekushinda."

"Imenishinda. Utakubali nikuoe hata hivyo?"

"Sijasikia. Kuna kelele."

"Edna, nataka kukuoa!" Sauti ikafika hadi kwa wauza dagaa, watu wakageuka.

"Nakubali. Lakini kuna asubuhi bado najichukia, Mdoe. Na kuna siku nitaikumbuka ile picha ya Handeni, nikuchukie na wewe."

"Siku hizo utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Basi nitakuwepo," Mdoe alisema, akaketi chini karibu na kigoda cha mama yake.