Gauni la Mahameli ya Kijani

Kiza cha Novemba kilikuwa kinaanza kuushika mto Thames, Thomasine Pegge alipotoka kwenda kuchukua gauni. Haikuwa safari ya ajabu. Yeye alikuwa mtunza mavazi wa chama kimoja cha waigizaji, upande wa kusini wa mto, na mavazi mazuri ya waigizaji hutoka kwa marehemu. Bibi mkubwa akifa, humwachia mjakazi wake nguo. Mjakazi hawezi kuzivaa, maana sheria ya Malkia haitaki kumwona mtu wa jikoni ndani ya mahameli. Afanyeje? Anawauzia waigizaji. Kila mfalme aliyewahi kunguruma kwenye jukwaa lile alikuwa amevaa joho la mtu aliyeko kaburini, na hakuna aliyekosa usingizi kwa hilo.

Mjakazi mwenyewe aliitwa Ursula. Alimngojea kichochoroni, nyuma ya bucha, amekumbatia furushi, macho hayatulii.

"Mbona tunakutana huku kama wezi?" Thomasine akamtania. "Si ungeniletea kule kule, nikupe na bia?"

"Chukua, dada. Chukua, mimi niende."

"Bibi yako alikuachia kweli?"

"Ningelipata wapi?" Ursula akanong'ona. "Alipenda michezo huyo bibi... alipenda mno. Alipokuwa anakufa alilia. Si kwa kuogopa kufa. Alilia kwa nini wanawake hawaruhusiwi kupanda jukwaani."

Akapokea fedha yake akaondoka mbio, hata kuaga hakuaga.

Chumbani kwake Thomasine alilitandaza gauni kitandani. Lo! Mahameli ya kijani, imetariziwa kwa uzi wa dhahabu mpaka kwenye pindo. Halafu akasikia harufu. Aliingiza mkono ndani ya mkono wa gauni akatoa kijitawi cha rozimari, yale majani wanayowekewa maiti.

Akaligeuza. Mgongoni lilikuwa limechanwa kutoka shingoni hadi chini, kisha likashonwa upesi upesi.

Hivyo ndivyo anavyovalishwa mtu aliyekwisha kukakamaa. Yeye mwenyewe alimvalisha mama yake hivyo. Gauni hili halikurithiwa. Lilivuliwa ndani ya jeneza.

Alitaka kulifunga alirudishe. Kweli alitaka. Lakini mlango ukafunguliwa akaingia Gilbert, mdogo wake, kijana wa miaka kumi na minane ambaye tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuigiza wanawake.

"Dada, limepatikana?"

Sauti ilianza juu kama filimbi, ikaporomoka ikawa ya chura. Mwezi mzima sauti ilikuwa inamsaliti hivyo, na Bwana Harker, mkuu wa chama, alikwisha kusema wazi: kesho Gilbert asipowaridhisha watu akiigiza malkia, akabebe magunia gatini. Kifua cha Gilbert hakikuwa cha magunia. Majira ya baridi yaliyopita alikohoa damu. Gatini asingefika Krismasi, na Thomasine hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Akakitupa kijitawi motoni.

"Limepatikana," akasema. "Njoo nikupime."

Kesho yake mchana tarumbeta ililia mara tatu na watu wakajaa, wale wa senti moja wamesimama uwanjani wakivunja njugu, wenye nacho wameketi kwenye roshani. Wingu lilikuwa zito. Thomasine alichungulia kupitia pazia la chumba cha kuvalia, kama kawaida yake.

Kwenye roshani ya kati aliketi bibi mmoja peke yake, amevaa barakoa.

Hilo nalo si jambo. Mabibi wa heshima huja michezoni na barakoa za mahameli nyeusi. Barakoa hizo hazifungwi kwa kamba. Kwa ndani pana shanga, mvaaji anaing'ata kwa meno, ndiyo maana haongei mpaka arudi kwake. Hakuna anayethubutu kumwuliza bibi wa namna hiyo yeye ni nani. Hupishwa njia tu.

Ila huyu... benchi zima lilikuwa tupu kulia na kushoto kwake. Watu walikuwa wamesogea bila kujijua. Na chini ya joho lake, Thomasine aliona shimizi nyeupe. Na chini ya shimizi, miguu mitupu, ya rangi ya udongo.

"Gilbert," alinong'ona. "Gilbert, usitoke. Lile gauni..."

"Dada, acha kunitia woga, ninao wa kutosha!" Akatoka.

Alifungua kinywa, na uwanja mzima ukanyamaza.

Sauti ile haikuporomoka. Ilikuwa laini, nzito kidogo, sauti ya mwanamke mtu mzima aliyezoea kutiiwa. Wauza matofaa waliacha kuuza. Mwanamume mwenye aproni ya bucha alilia waziwazi. Bwana Harker, kando ya pazia, alimfinya Thomasine bega kwa furaha.

"Umemlisha nini huyu? Asali?"

Thomasine alikuwa anatazama roshani. Kila Gilbert aliposema, ile barakoa ilitikisika kidogo, kama kuna kidevu kinachotembea nyuma yake.

Katika tendo la mwisho malkia alikunywa sumu, akafa, wakambeba hadi nyuma ya pazia. Thomasine alitupa macho tena kule roshani.

Benchi lilikuwa tupu.

Mchezo wowote, hata uwe wa msiba namna gani, humalizika kwa ngoma. Ndiyo desturi. Waliokufa wote hufufuka, wanashikana mikono, wanarukaruka mbele ya watu ili mtu asirudi kwake na huzuni. Ngoma ikaanza. Zumari ikaanza. Waigizaji wakakimbilia jukwaani, vumbi likatimka, na katikati yao Thomasine akaliona gauni la kijani linazunguka, linazunguka, pindo limefunguka kama mwavuli, na watu wanapiga kelele za shangwe.

Alivuta pumzi. Mzima! Mdogo wake mzima, na kazi ameipata.

Akarudi nyuma kutafuta blanketi la kumfunika akitoka. Akajikwaa.

Sakafuni, ndani ya shati tupu, alilala Gilbert.

Nje, ngoma iliendelea.

"Gilbert! Gilbert, mdogo wangu..."

Alikuwa anapumua. Macho wazi, yanamtazama, yanamtambua, yamejaa machozi. Lakini meno ameyakaza. Katikati ya meno Thomasine aliona kitu cheusi cha mviringo. Shanga. Alijaribu kwa kidole, akajaribu kwa mpini wa kijiko. Taya halikufunguka. Harufu ya rozimari ilijaa chumba kizima.

Hakungoja kuona nani atarudi kutoka jukwaani. Alimfunika blanketi, akamshika mkono, na kwa mlango wa nyuma akamwongoza hadi nyumbani. Alitembea vizuri tu, kama mtoto mtiifu.

Kesho yake hawakutoka. Mlango ulikuwa na komeo. Mchana kutwa Thomasine alikaa kitandani kando ya mdogo wake, akimlowanisha midomo kwa kitambaa chenye bia, akimwomba msamaha. Alimwambia yote, gauni, jeneza, kijitawi motoni. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Gilbert alimsikiliza bila kupepesa. Mbali, kutoka upande wa jumba la michezo, tarumbeta ililia mara tatu.

Giza lilipoingia mlango ukagongwa.

"Bi Thomasine! Ni mimi, Harker!"

Alifungua kidogo tu, akaziba upenyo kwa mwili wake. Alikwisha kupanga maneno: Gilbert anaumwa, tafadhali msimfukuze. Lakini Bwana Harker alikuwa anacheka, ananukia mvinyo, kofia mkononi.

"Mama yangu wee! Jana nilidhani ni bahati, leo ndiyo nimeamini. Tumerudia mchezo ule ule, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Sijapata kuona malkia kama yule."

"Leo?" Thomasine akauliza. "Leo mchana?"

"Hakukwambia? Ana kiburi sasa huyo, kavaa barakoa mpaka chumbani, hasemi na mtu. Lakini nimemuuliza kama atabaki nasi mwaka mzima, akaitikia kwa kichwa, tukapeana mkono. Kazi ni yake." Akaanza kushuka ngazi, kisha akageuka, uso umejaa upole. "Ila akifika mpikie supu ya moto, Bi Thomasine. Ana mikono ya baridi mno. Nimemwacha pale chini mlangoni, anapanda sasa hivi."