Pambo la Dirishani

Mvumilivu hula mbovu. Kisa aliyaandika maneno hayo kwa rangi nyekundu kwenye bango, akasimama nalo pamoja na waandamanaji wenzake mbele ya duka kubwa la vyakula pale njiapanda ya Jane na Finch, theluji ikimlowesha viatu. Dukani humo Waafrika waliajiriwa kubeba makreti stoo tu. Kwenye kaunta, mbele ya wateja, walisimama wengine.

Kijana mrefu mwenye aproni ya kijani alitokea mlango wa nyuma na kikombe cha chai.

"Kunywa, mamaa. Iko moto."

"Wewe wa humu ndani?"

"Wa stoo. Déogratias, wa Bukavu. Ile bango yako niliisomaka, nikacheka mpaka patron, bosi wetu, akauliza niko na nini."

"Ile bango? Kiswahili chenu mnakivunja mbavu, kaka."

"Basi wewe utakifunga bandeji, chérie."

Kisa alicheka, japo miguu ilimuuma.

Theluji ikayeyuka, bango likabaki. Simu zikawa za kila siku. Tantine Sabine, shangazi aliyemlea Déo, akakubali kupeleka posa mji jirani wa Mississauga, kwa baba mdogo wa Kisa.

Ndipo zikaja kamera za televisheni. Kesho yake Kisa alitazama kupitia kioo akamwona Déo kwenye kaunta: shati jeupe, tai nyekundu, tabasamu la picha ya pasipoti. Kipaza sauti cha waandamanaji kilikuwa mkononi mwa Kisa.

"Tazameni! Wametuwekea pambo dirishani, na pambo lenyewe linachekelea!"

Watu wakaangua kicheko. Kwenye foleni ya Déo, kabichi kifuani, alisimama Tantine Sabine.

Jioni, Kisa akiwa kwenye basi la kurudi nyumbani, simu ikalia.

"Kisa, umenitukana mbele ya tantine."

"Ungeniambia."

"Waliniita asubuhi ileile! Nikawaza, nikiingia mie, wengine watafuata."

"Wamefuata wangapi?"



"Tantine anasema haleti posa mpaka uombe radhi."

"Basi asilete."

Alikata simu. Basi likapita kituo chake, naye hakuwa na nguvu ya kubonyeza kengele.

Kamera ziliondoka. Waandamanaji wakapungua, wakabaki wachache wenye mafua, chini ya mvua. Siku moja mlango wa nyuma ukafunguka, Déo akatoka na aproni ya kijani na kikombe cha chai.

"Wamekurudisha stoo?"

"Leo asubuhi. Kwenye kaunta wamerudi walewale." Alivua aproni, akaitundika kwenye kitasa. "Sirudi tena."

Akashika upande wa pili wa bango. Walisimama hivyo, wamechoka wote wawili.

"Ulisema kweli," alisema Déo. "Lakini iliniuma."

"Mimi iliniuma kabla yako, mpenzi."

"Tantine anangoja. Neno moja tu, Jumamosi tunakuja."

Kisa alikunywa chai, akamwachia nusu.

"Mwambie tantine pilau litakuwa tayari, na kiti chake kitakuwa cha mbele. Nakupenda, Déo. Lakini pambo ulikuwa, na kesho wakimsimamisha mwingine nitamwita vilevile. Radhi siombi."