Tiki-Tiki Ndani ya Mtandio

Kila siku alasiri Arwa alikuwa akirudi kutoka shule, akipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kwao Mchafukoge, akila wali wake uliofunikwa kwa kawa, kisha akivaa baibui na mtandio na kushuka tena kwenda chuoni, kwenye madrasa. Chuo chenyewe kilikuwa upande wa pili wa Kariakoo, mwendo wa dakika kumi kwa mtu wa kawaida. Kwa Arwa zilikuwa dakika ishirini, kwa sababu Arwa alikuwa mtoto wa kuota ndoto akiwa macho.

Alikuwa akipita katikati ya vitambaa vilivyoning'inizwa madukani, jua likipenya na kumpaka rangi usoni, mara bluu, mara zambarau. Mikokoteni iligongagonga kwenye mashimo. Wapagazi walipaza sauti, "Pisha! Mzigo huo, mama, mzigo!" Mahali fulani mtu aligonga nyundo juu ya bati. Watu wengine walisikia kelele tupu. Arwa alisikia ngoma, na vidole vyake vikaanza kucheza juu ya mkoba bila yeye kujua.

"We mtoto, umelala?" mama mmoja mwenye beseni la mihogo alimwambia siku moja, maana nusura wagongane.

"Samahani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Angalia mbele basi!"

Pale chuoni, wasichana kumi na wawili walikuwa wakijiandaa kusoma kasida kwenye maulidi ya akina mama. Wanne kati yao walipiga madufu, vile vingoma vya mkononi. Dufu la kati ndilo lililofuatwa na mengine yote, na Arwa alilitaka dufu hilo kuliko kitu chochote duniani. Alilitaka mpaka akaliota, nalo ndotoni lilikuwa kubwa kama sinia la pilau.

Tatizo lilikuwa mkono wake. Akifurahi, mkono unakimbia. Akizama kwenye ndoto zake, unachelewa.

"Arwa, mwanangu, unakimbizwa na nani?" Ustadha Badria, mwalimu wao, alimuuliza. Wenzake wakacheka, na Sitara, rafiki yake aliyepiga dufu kando yake, akacheka kuliko wote.

Nyumbani, kaka yake Abdulhadi alimwonea huruma. Akampa simu yake ya zamani, akamwekea humo programu ya kugonga mapigo: tiki, tiki, tiki, sawasawa, bila kuchoka. Arwa akawa anachomeka kisikilizio sikioni na kupiga juu ya mto wa kochi. Wiki haikwisha, mkono ukatulia. Ilikuwa kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Laiti angeishia hapo!

Lakini Arwa alinogewa. Aliona bila ile tiki-tiki hawezi tena. Basi siku ya kuchagua mpiga dufu la kati, aliitia simu mfukoni, akapitisha waya chini ya baibui, akakificha kisikilizio ndani ya mtandio. Nani angeona? Mtandio umefunika masikio yote mawili.

"Mashaallah!" Ustadha Badria alisema alipomsikia. "Mkono umetulia kabisa. Umefanya mazoezi?"

"Ndiyo, Ustadha," Arwa alijibu. Haukuwa uongo, lakini ukweli wenyewe haukuwa mzima.

Akapewa dufu la kati.

Alhamisi alikuja Bi Mgeni kutoka Ilala, ambaye ndiye angeongoza kasida kwenye maulidi. Huyu alikuwa bibi mwembamba aliyesoma kasida kwa miaka mingi, na hakusoma mara mbili kwa namna moja. Penye huzuni alivuta sauti pole pole mpaka watu wakashusha pumzi. Penye furaha alikaza mwendo, mabega yakaanza kucheza yenyewe. Wasichana walimwamkia kwa adabu, wakakaa mkekani, naye akafumba macho, akaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, Bi Mgeni akaivuta sauti. Tiki, tiki, tiki, simu ikaendelea, na Arwa akaendelea nayo. Sauti ya bibi ilikuwa nyuma, dufu la kati liko mbele. Sitara alimsikiliza Bi Mgeni, akapunguza. Wale wawili wengine wakamfuata Arwa. Madufu yakagongana na waitikiaji wakachanganyikiwa. Bi Mgeni akafumbua macho na kunyamaza.

"Nani ametupoteza?" Ustadha Badria aliuliza.

Arwa alisikia moyo wake na tiki-tiki ya simu, kila kimoja na mwendo wake. Alijua. Angesema sasa hivi, wangejua kila kitu, na dufu la kati lingeondoka.

"Sitara alichelewa," akasema.

Sitara alimtazama kama mtu aliyesukumwa na mwenzake aliyekuwa amemshika mkono. Ustadha Badria aliuamini mkono wa Arwa uliotulia siku zile, akasema, "Sitara, weka dufu chini. Maulidi haya utaitikia tu."

"Lakini bibi yangu anakuja kuniona nikipiga," Sitara alisema kwa sauti ndogo. Akaliweka dufu chini hata hivyo.

Njiani siku hiyo Kariakoo haikumpigia Arwa ngoma yoyote.

Jumamosi mama yake alimtuma kwa fundi Khalfani akaulize kama magauni ya wasichana wa kasida yako tayari. Fundi Khalfani alikuwa akishona barazani, mbele ya duka la vitambaa, kwa cherehani ya miguu. Magauni hayakuwa tayari, bila shaka.

"Kaa hapo kwenye benchi, nimalizie hili moja," alisema. "Dakika tano tu."

Dakika tano za fundi mnazijua. Arwa akakaa, akachomeka kisikilizio, akaanza kupiga vidole juu ya benchi. Upepo ulipeperusha vipande vya hariri juu ya kichwa chake, na mtaa mzima ukawa kama uko chini ya maji. Ila kitu kimoja kilimsumbua. Cherehani ilikuwa na mwendo wake, simu na wake. Kwenye pindo refu cherehani ilikwenda mbio. Kwenye shingo ya gauni ikatambaa, ikasimama, ikatambaa tena. Kichwa kikaanza kumuuma. Akakichomoa kisikilizio.

Akajaribu kuifuata cherehani. Akashindwa. Akajaribu tena.

"Unanifuata au unanikimbia?" fundi Khalfani alimuuliza bila kuinua kichwa.

Arwa akaona haya. "Nakufuata, Mzee. Lakini cherehani yako haina mwendo mmoja."

"Ingekuwa na mwendo mmoja ningeshona magunia!" Fundi akacheka. "Cherehani inakifuata kitambaa, mwanangu. Hapa pamenyooka, nakimbia. Hapa shingoni nikikimbia, gauni limeharibika. Usisikilize sindano peke yake. Tazama mguu wangu. Mguu unajua kabla ya sindano."

Arwa akatazama. Kweli! Kabla ya kupunguza, mguu ulilegea kidogo. Kabla ya kukaza, kisigino kilijikita. Akaanza kuwahi kujua, na vidole vyake vikaenda na cherehani, pole pole, haraka, pole pole. Fundi alipoona hivyo akaanza uchokozi wa makusudi, anakwenda mbio halafu anakata ghafla, ili amnase.

"Umenasa!"

"Bado, Mzee! Endelea!"

Jumapili alirudi. Jumatatu alirudi. Benchi lilikuwa dufu lake, na siku ya tatu fundi hakumnasa hata mara moja. Hapo ndipo alipokumbuka alichokifanya Sitara siku ile ya Alhamisi. Sitara alimsikia Bi Mgeni akivuta sauti, akamngoja. Sitara ndiye peke yake aliyepiga sawa. Machozi yakamlenga Arwa pale pale barazani. Fundi akadhani mavumbi ya vitambaa yamemwingia machoni.

Jumanne chuoni, kabla ya mazoezi, Arwa alisimama mbele ya wenzake.

"Ustadha, Sitara hakuchelewa. Mimi ndiye niliyetupoteza." Akakitoa kisikilizio na waya wake mfukoni. "Nilikuwa naficha hiki ndani ya mtandio. Nilikuwa nafuata simu, simfuati Bi Mgeni. Halafu nikamsingizia Sitara."

Ustadha Badria alikitazama kile kisikilizio.

"Nimekasirika, Arwa," alisema. "Na mimi nina kosa langu, sikumuuliza Sitara. Sitara, nisamehe, mwanangu. Dufu la kati ni lako. Wewe, Arwa, utapiga la pembeni, kama mwenzio atakubali kukaa na wewe."

Wote wakamgeukia Sitara. Sitara hakuwa na haraka. Alilichukua dufu, akalifuta kwa kiganja, akalitazama.

"Akae," akasema. "Lakini hilo dude aliache nyumbani."

Msichana mmoja akacheka, wengine wakafuata. Arwa hakucheka. Alikaa pembeni, akashika dufu lake kwa mikono miwili.

Siku ya maulidi ukumbi ulijaa akina mama, bibi yake Sitara akiwa mstari wa mbele, harufu ya udi ikiwa imetanda mpaka mlangoni. Bi Mgeni alifumba macho, akaanza. Madufu yakamfuata, yakilegea anapolegea, yakikaza anapokaza. Mwanga wa alasiri uliingia dirishani na moshi wa udi ukaupanda taratibu. Ilikuwa ndoto, ila safari hii Arwa alikuwa macho ndani yake.

Katikati ya ubeti wa mwisho, bega la Bi Mgeni likapanda juu. Arwa aliliona. Pumzi! Bibi amekatika pumzi! Sitara alikuwa ametazama chini wakati huo. Arwa akashusha mkono, akapiga kwa ncha za vidole tu, taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Sitara akasikia, naye akashusha. Madufu yote manne yakawa yananong'ona, yakingoja. Akina mama wakajaza nafasi ile kwa kumswalia Mtume. Bi Mgeni akavuta pumzi moja, ya pili, kisha sauti yake ikarudi, nzima, na madufu yakainuka nayo. Hakuna mgeni aliyejua kwamba kuna jambo limetokea.

Baadaye, wakati masinia ya pilau yakipita, Bi Mgeni aliwaita wapiga madufu, Ustadha Badria, aliyekwisha kumweleza yote, akiwa kando yake.

"Leo kifua kilinisaliti," alisema. "Nikasema, leo nimeaibika mbele ya watu. Nani aliyeanza kunisubiri?"

Arwa alitazama mkeka. Alikuwa na jibu, lakini hakuona kama ana haki ya kulitoa.

"Ni Arwa, Bi," Sitara alisema. "Mimi sikuona. Nilimfuata yeye."

Arwa akajifunika uso kwa ncha ya mtandio na kulia waziwazi. Sitara akamsogelea mpaka mabega yao yakagusana.

Bi Mgeni aliwatazama wote wawili. "Basi nisikilizeni," alisema. "Kupiga sawasawa kila mtu anaweza kujifunza, na simu inaweza kukufundisha. Kupiga na watu ni kumtazama mwenzio na kujua amechoka, amefurahi au amekatika pumzi. Na anayemtazama mwenzake hivyo hawezi kumsingizia, kwa sababu ataona anavyoumia. Arwa, wewe ulikosa kumsikiliza mwenzio, ukakiri, ukajirekebisha. Na Sitara amekusemea kweli, ingawa wewe hukumsemea. Usiisahau siku hii."

"Sitaisahau, Bi," Arwa alisema, na hakuisahau.