Vidoria Elfu Tisa

Vidoria elfu arobaini viliingia kwenye mshipa wa Mwalimu Namkunda, na kwenye kioo cha ukutani vikaonekana kama vumbi la dhahabu linalokwenda na mkondo. Vilikuwa viroboti vidogo kuliko chembe ya damu, kazi yake kusaka madonge ya damu na kuyasaga. Namkunda alivihitaji, maana kinga ya mwili wake ilikuwa imemgeuka mwenyewe, ikiigandisha damu pasipo jeraha.

Kioo kikaandika: DAMU SAFI.

Mhandisi Atupele, aliyevibuni vidoria hivyo, hakukiamini. Kwa muda sasa vilivyotoka mwilini mwa mwalimu havikulingana na vilivyoingia. Pengo lilishafika elfu tisa. Alipomuuliza mkuu wa kituo cha tiba, Bwana Kilewo, aliambiwa vimeyeyuka, asitafute mchawi. Lakini Atupele alijua alichokiunda. Vidoria haviyeyuki.

Siku hiyo Namkunda alimweleza kwamba maneno yalikuwa yakimponyoka. Jana alisimama mbele ya darasa akalikosa hata neno pembetatu. Atupele akakiuliza kioo tena, nacho kikarudia jibu lake. Akaenda stoo, akatoa mashine ya zamani ya mawimbi ya sauti, akaipitisha kifuani pa mgonjwa.

Kwenye vali ya moyo palikuwa na kitu kama uyoga, kikipepea kila moyo ulipopiga. Hapo akaelewa. Kinga ya Namkunda ilikuwa ikiviua vidoria, mizoga ikanasa kwenye vali, damu ikagandia juu yake. Vidoria vizima vilipopita vilitambua vyenzake, vikaliacha donge, na kioo kilichotegemea taarifa zake kikaandika damu ni safi.

“Usiinuke, Mwalimu,” alisema.

“Kwani ume…”

Mdomo wa Namkunda ukapinda, mkono wake wa kulia ukaanguka kando ya kitanda. Kipande cha donge kilikuwa kimefika kwenye ubongo.

Madaktari walikichomoa kwa mrija, wakamwokoa. Kauli haikurudi. Atupele alivizima vidoria vya wagonjwa wote bila kungoja idhini ya Kilewo, kisha akaenda wodini kumweleza Namkunda mwenyewe, hatua kwa hatua, asifiche kitu.

Namkunda alisikiliza bila kumwondolea macho. Maelezo yalipokwisha, akavuta daftari, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba: Ulijua lini?

Atupele angeweza kusema siku ile ile, na hakuna ambaye angembishia.

“Wiki tatu kabla nilishajua vidoria vinapotea,” alisema. “Nilitaka kuhakikisha kwanza.”

Namkunda akalifunga daftari, akageukia ukutani.